Kila Mtu na Run Yake

Kwanza Nelima alidhani mwalimu anawatania. Neno lenyewe lilikuwa fupi, herufi tatu tu, na hapakuwa na mtu katika darasa lile la watu wazima asiyelijua. Mwalimu Urbanus alipoliandika ubaoni jioni ile, run, wafanyakazi wote wa shamba la kahawa pale Ruiru walijibu kwa sauti moja, "Kukimbia!" na wengine wakaanza kufunga madaftari wakijua kazi imekwisha.

Mwalimu akacheka peke yake. Akawaambia kwamba kwa Mwingereza pua hukimbia, na haiendi popote. Rangi ya nguo hukimbia. Mwenye duka hulikimbiza duka lake kutwa, na asubuhi unalikuta pale pale. Hata barabara, ambayo tangu ijengwe haijawahi kuinuka ilipolala, hukimbia kutoka Nairobi mpaka Thika.

"Mwalimu," akasema Omondi wa mashine ya kumenya kahawa, "hawa watu hawana neno ingine?"

"Wako nayo mingi. Lakini hii ndio wanapenda."

Na hilo ndilo neno walilopewa la kushindania. Mwalimu wa darasa la Thika alikuwa amehamishwa, hakuletwa mwingine, na sasa kumbi mbili zilimtaka Urbanus mmoja. Misi Loki, yule mama wa Kizungu wa mambo ya ustawi wa jamii, alikataa kumkata mtu vipande viwili. Akaamua kumbi zishindane. Thika watoe mtu, Ruiru watoe mtu, wasimame jukwaani Jumamosi mchana, neno liwe moja. Kila mmoja kwa zamu ataje matumizi ya neno hilo kwa Kiingereza, likiwa kitenzi, ayaeleze kwa Kiswahili, kisha ayaonyeshe kwa vitendo au kwa mtu aliye hai, ili asije mtu kukariri kama kasuku. Atakayerudia lililokwisha kusemwa, au atakayeishiwa, ameshindwa. Atakayeshinda, mwalimu ni wake.

Wengine waliuchukua kama mchezo. Nelima hakuuona mchezo hata kidogo. Alikuwa mchambuaji wa kahawa, kutwa amesimama mezani akitoa punje mbovu, na mwisho wa mwaka alikuwa anakwenda kufanya mtihani wa kuingia ukunga katika hospitali ya misheni. Hesabu aliiweza. Kiingereza ndicho kilichokuwa kikimtoa kijasho. Darasa likihamia Thika angelifuata kwa miguu gani? Siku zile za Hali ya Hatari, hata ilipokuwa inalegea, mwanamke hakuondoka tu jioni kwenda mji mwingine na kurudi apendavyo. Darasa likiondoka, ukunga umeondoka. Aliyajua hayo vizuri, na ndiyo maana mwalimu alipouliza nani atasimama kwa ajili ya Ruiru, mkono wake uliinuka kabla kichwa hakijaamua.

Omondi akasema basi na asimame, yeye mwenyewe alikuwa na kampeni ya ukatibu wa chama cha wafanyakazi, hana nafasi.

Shida ilianza usiku huohuo. Maneno hayakukaa. Aliyasoma, akayarudia, akayafunika kwa kiganja, na akifunua anakuta pua imeingia dukani na barabara imepata homa. Siku ya pili hali ile ile. Kaka yake Boaz, aliyekuwa akiishi naye, akamwambia apumzike kabla hajaanza kuzungumza na kuta.

Ni Awiti aliyemwokoa, na Awiti hakuwa na habari. Awiti alikuwa jirani yao wa nyumba ya kwanza katika laini, ile safu ya nyumba za wafanyakazi, na kila jioni, mvua inyeshe jua liwake, alikuja na kikombe kuomba sukari. Jioni ile akasimama mlangoni na kikombe chake.

"Sukari imeisha tena, Nelima. Nisaidie kidogo tu."

Nelima akaruka kutoka kwenye kiti. "You have run out of sugar!"

"Mimi? Nimefanya nini?"

"Wewe ndiye hiyo! Awiti, wewe ni run out of sugar! Siwezi kukusahau hata nikifa!"

Akamkumbatia, kikombe na yote, akamjazia sukari mpaka Boaz akaguna. Kisha akatoka nje akasimama mbele ya laini, akazitazama nyumba moja baada ya nyingine kama mtu aliyeona kwao kwa mara ya kwanza. Kila mlango ulikuwa na mtu wake, na kila mtu na lake. Kwa nini ahangaike na karatasi?

Basi kabla jua halijazama alikuwa ameanza kugawa. Mzee Kaleli na wanawe wote walikuwa na mwanya wa mbele, hata mjukuu aliyeota meno juzi: hao wakapewa "runs in the family", kitu kinachopita ndani ya ukoo. Mbithe alikuwa amefua shati jeupe la mumewe pamoja na leso nyekundu, na mume akaenda kanisani amevaa shati la rangi ya waridi: Mbithe akapewa rangi iliyokimbia. Ngina mwenye kijiduka akapewa "run a shop". Omondi akapewa kugombea, "run for secretary", akaipokea kwa heshima zote na kuuliza kama wapiga kura wameambiwa. Dismas, ambaye vumbi la kahawa lilimpa mafua ya kudumu, akapewa pua.

"Mimi sitaki pua," akasema Dismas akiipangusa. "Mpe Omondi pua, mimi nipe ile ya uchaguzi."

"Pua yako inajulikana mpaka Kalimoni," akasema Awiti. "Chukua kilicho chako."

Kufikia Alhamisi laini nzima ilikuwa imeshikwa na wazimu. Watu hawakuitana tena majina. "Run Out amekwenda mtoni?" "Hapana, yuko kwa Run a Shop." Wakati wa kuchambua kahawa wanawake walitajiana maana zao kama watu wanaojuliana hali. Waliokuwa hawajapewa walimfuata Nelima mpaka bombani. Mke wa nyapara, ambaye kwa kawaida hakuwasalimu, alituma mtu kuuliza kama hakuna iliyobaki, nzuri. Ndung'u, dereva wa lori la shamba, alitaka ya injini na akaipata.

Zile mbaya ndizo zilizokosa wenyewe. Hakuna aliyekubali homa, "run a fever", maana ukimwekea mtu homa mdomoni, kesho akiugua nani atalaumiwa? Ile ya kukanyagwa na gari, "run over", ilizunguka nyumba zote ikafukuzwa kila mlango, mpaka Mbithe akakumbuka kuku ambaye Ndung'u alimgonga mwezi uliopita. Kuku akapewa. Yeye hakuwa na la kupinga.

Ikabaki nyumba ya pili. Hapo Nelima alipita akitazama miguu yake.

Nyumba ya pili, kati ya Awiti na mzee Kaleli, ilikuwa ya Perez. Alikuwa mama wa Kijaluo, mrefu, mpalilizi, na ndiye aliyepikia darasa uji. Aliuleta kwa debe, akaugawa, kisha akakaa nje kwenye ngazi mpaka vikombe virudi. Alikuja Ruiru na mume. Mume huyo, miaka michache nyuma, alipanda treni kwenda Kampala na mwanamke mwingine asirudi. Basi laini ikaamua, bila mkutano wala azimio, kwamba jambo hilo halitatajwa. Wala Kampala yenyewe haikutajwa mbele ya Perez. Mtu aliyekuwa na ndugu Kampala alisema ndugu yake yuko "kule juu." Redio ya Ngina ikitaja Uganda, mtu alikohoa. Waliona huo ndio utu, na Nelima aliuona hivyohivyo.

Sasa bahati mbaya ni kwamba Kiingereza kilikuwa na neno la jambo hilo, na ni neno lile lile. Mwalimu Urbanus, aliyekuwa mgeni, alikwisha kuliandika ubaoni siku ya Jumanne kwa moyo mweupe: "run out on", kumtoroka mkeo, kumwacha solemba. Alipogeuka akakuta darasa zima linatazama dari. Perez alikuwa amesimama mlangoni na debe la uji. Omondi akaanza kukohoa, Dismas akadakia, wakakohoa kama wodi ya kifua kikuu. Mwalimu hakuelewa, lakini alifuta. Perez akaweka debe chini akatoka.

Nelima aliliondoa neno lile kichwani kama anavyoondoa punje mbovu mezani. Anazo nyingine za kutosha, alijiambia. Za kutosha na za kubaki.

Jumamosi lori liliondoka limejaa mpaka watu wanashikana mikanda. Meneja alikuwa ametoa ruhusa, Ndung'u ana pasi yake mfukoni, na Misi Loki alikuwa ameahidi kwamba watu watarudi kabla ya saa za kafyu. Waliimba kutoka langoni mpaka daraja la Theta, na kutoka Theta wakaimba tena yale yale kwa sauti ya juu zaidi. Waliokuwa shambani kando ya barabara waliwapungia mikono wakidhani ni harusi. Perez alikuwamo, amekaa karibu na kibao cha nyuma na debe lake, kwa sababu watu watakula nini huko?

"Kumbukeni," Nelima alipiga kelele juu ya injini, "mtakaa kama nyumba zinavyokaa! Awiti mwanzo, Dismas mwisho! Mkichanganyika mmeniua!"

"Rori yangu haijawahi kuchanganya watu," akajibu Ndung'u dirishani.

Ukumbi wa Thika ulikuwa umefurika. Watu wa viwandani walikuwa wamekuja na wake zao, wengine wamesimama madirishani nje. Mtu wao alikuwa jukwaani tayari: Mulei, mpimaji wa ngozi katika kiwanda cha ngozi, kijana wa Kikamba mwenye fulana safi na mwili mwepesi usiotulia. Alimpa Nelima mkono, akatabasamu. "Karibu Thika, dada. Usiogope, tutamtunza mwalimu yenu vizuri." Thika wakaangua kicheko. Nelima akacheka pia, maana alikuwa mtu wa kupendeza, na hilo lilizidi kumtia wasiwasi.

Akatazama chini kuitafuta laini yake. Walikuwa wametawanyika! Thika walikuwa wamekwisha kukalia viti, na watu wake wamebanwa popote palipopatikana pengo: Mbithe huku, mzee Kaleli kule, Dismas haonekani kabisa.

"Mayi we, mama yangu! Jipangeni!" akaita, bila kujali jukwaa.

Ikawa patashika. Watu wa Ruiru wakaanza kuhama juu ya magoti ya watu, samahani huku, samahani kule, benchi moja likapinduka, mama mmoja wa Thika akauliza kama kuna nyoka. Misi Loki akapiga kengele. Ilipotulia, laini ilikuwa imekaa benchi la pili na la tatu, nyumba kwa nyumba, kama iliyohamishwa na paa lake. Awiti mwanzo. Kisha Perez na debe. Kisha mzee Kaleli.

Misi Loki akaweka mezani kioo chake cha mchanga, kile cha kupimia muda wa kuchemsha mayai, akaeleza masharti na kukigeuza. Mulei akaanza.

Lo! Hakusema, alicheza. Alisema "I run" na kukimbia kuzunguka jukwaa. Akasema mto unakimbia, na mwili wake wote ukageuka maji, ukaanguka kama Chania pale kwenye maporomoko, na watu wakapiga makofi mpaka vumbi likadondoka darini. Alikuwa mchezaji wa ngoma za kwao, alijua kuruka sarakasi, na kila maana aliipa mruko wake. Thika waliimba jina lake.

Nelima hakujua kuruka. Yeye alinyoosha kidole.

"Run out of sugar! Kuishiwa sukari! Awiti, simama!"

Awiti akasimama akainua kikombe. Alikuwa amekuja nacho kweli. Ukumbi ukavunjika mbavu, na Misi Loki, ambaye hakutegemewa kucheka, akacheka.

Wakaenda hivyo, huyu akiruka, huyu akisimamisha watu. Mulei akaleta injini inayokimbia, na Ndung'u akapiga yowe la mtu aliyeibiwa mchana. Nelima akasimamisha ukoo wa Kaleli, wakacheka wote kwa pamoja na mianya ikaonekana mpaka nyuma. Mulei akaleta kuchelewa, "run late", treni ya asubuhi, akaipuliza filimbi kwa midomo. Nelima akamsimamisha Mbithe na mume wake, naye mume alikuwa amevaa lile shati. Mulei akaleta homa akitetemeka kwa ustadi hata mtu mmoja akataka kumletea maji. Nelima akamsimamisha Omondi, na Omondi, badala ya kukaa, akaanza kuwaeleza wafanyakazi wa Thika faida za chama, mpaka wakamvuta koti. Dismas alipoitwa hakuhitaji kuonyesha chochote. Kuku alikufa kwa mara ya pili, safari hii kwa heshima, huku Ndung'u akiinamisha kichwa.

Nelima alikuwa anawaka. Jasho lilimtiririka mgongoni na hakulijali. Jicho lake lilipita kwenye benchi kama mtu anayepita nje ya laini jioni akisalimia, na kila uso ulimpa neno lake bila kinyongo. Ila kila lilipotoka kwa Awiti kwenda kwa Kaleli, lilijikwaa. Pale katikati palikuwa na Perez, amekaa wima, mikono juu ya debe. Alikuwa akitazama jukwaa na kupiga makofi kila mtu wa laini aliposimama. Hakuna aliyemwita, na alijua hataitwa.

Mulei akajaribu "in the long run". Misi Loki akatikisa kichwa, hapo run si kitenzi, lakini mchanga ulikuwa bado, akamruhusu ajaribu tena. Mulei akashika kichwa, akaruka juu, akashuka na "run a risk", kujihatarisha. Kupona kwa tundu la sindano! Thika nzima ikapumua.

Zamu ya Nelima. Mchanga ukageuzwa.

Akatazama benchi. Awiti, amesemwa. Kaleli, amesemwa. Mbithe, Ngina, Omondi, Dismas, wote wamesemwa. Hata mke wa nyapara alikuwa ametumika, alikuwa ametumwa dukani, "run an errand", na hakuipenda. Laini ilikuwa imekwisha. Nelima akarudi mwanzo, akapita tena mlango kwa mlango, na nyumba zote zilikuwa tupu isipokuwa moja.

Alilijua. Lilikuwa limekaa pale kooni, zima, na maelezo yake yote. Lingeweza kumbakizia mwalimu, darasa, ukunga, kila kitu. Na kulionyesha ingebidi anyooshe kidole kwa mama ambaye laini nzima ilimtunzia siri, mbele ya Ruiru na Thika, na wengine madirishani. Mchanga ulikuwa unashuka, na chini kukohoa kwa Omondi kukasikika.

Omondi alikuwa anakohoa. Halafu Mbithe. Laini nzima ilikuwa imefika mahali pale pale alipofika Nelima, na ilikuwa inakohoa.

Afadhali wamchukue, Nelima akawaza. Machozi yakamjaa. Afadhali Thika wamchukue mwalimu. Akafungua mdomo kusema kwamba ameishiwa.

Debe likalia sakafuni.

Perez alikuwa amesimama. "Nyamazeni na kifua zenu!" akawaambia watu wa laini, na kikohozi kikakatika kama kimezimwa. Kisha akamtazama Nelima. "Nyara, binti yangu, kwani mimi siishi kwa laini? Kila mtu amepewa yake. Hata kuku amepewa. Mimi nangoja tangu wiki ianze. Iko yangu, naijua, mwalimu aliiandika na mukafanya afute. Nipe yangu!"

Nelima hakujua kama anacheka au analia. Mchanga ulikuwa umebaki mkia tu.

"Run out on!" akapaza sauti. "He ran out on his wife! Mume kumtoroka mke wake! Mama Perez, njoo!"

Mulei akainua mkono. Alisema kwa adabu kwamba hiyo ya kuishiwa ilikwisha kutajwa, ya sukari. Misi Loki akasema ile ilikuwa ya kuishiwa, hii ni ya kutoroka, ni mambo mawili. "Lakini lazima ionyeshwe," akasema.

"Itaonyeshwa," akasema Perez, na alikuwa tayari anapanda jukwaani.

Alimshika Nelima mabega, akamsimamisha upande mmoja. "Wewe ni yeye. Beba sanduku." Nelima akabeba sanduku lisilokuwapo. "Beba na kabuti." Akabeba kabuti. "Na taa. Alibeba hata taa, huyo mtu."

Nelima akasita, mkono hewani. Taa? Chini, kwenye benchi, Awiti alikuwa ameweka kikombe mdomoni. Nyumba yake na ya Perez zilitenganishwa na ukuta mmoja, na hakuwahi kusikia habari ya taa.

"Sasa nenda. Kampala!" Perez akanyoosha mkono kuelekea mlangoni, na neno hilo likatua katikati ya watu wa Ruiru wakashtuka kama wamemwagiwa maji. "Kampala! Treni iko hapo, usichelewe!"

Nelima akaondoka na mizigo yake, akanyata kama mwizi, kisha akashika mbio kweli kuzunguka jukwaa. Perez alibaki peke yake. Ukumbi ulitegemea alie, na mama mmoja wa mbele alikuwa ameshatoa kitambaa. Perez akatazama huku na huku katika chumba chake cha hewa. Akapapasa gizani, akaupata mlango, akaufunga. Akapapasa tena akapata sufuria. Akakaa chini, miguu mbele, akaanza kupika uji.

Kisha sijui nani alianza, Thika au Ruiru, lakini paa lilitaka kung'oka. Wanawake wa viwandani walikuwa wamesimama juu ya mabenchi. Mzee Kaleli alikuwa anapiga mluzi kupitia mwanya. Mama mwenye kitambaa alikitumia kupunga. Perez aliinuka, akajipangusa vumbi, akainama mara moja, taratibu, kama mtu aliyelipwa cha kwake. Misi Loki akageuza kioo kwa ajili ya Mulei. Mulei akasimama mbele, akajaribu mguu huu, akajaribu ule, mchanga ukashuka na kushuka, na mwisho akaacha mikono ianguke, akacheka.

"Sina kitu," akasema. "Na kama ningekuwa nacho, baada ya huyo mama ningekionyesha namna gani?"

Kengele ikalia. Nelima alipiga yowe ambalo baadaye hakukumbuka kulipiga. Omondi alimbeba Mwalimu Urbanus mabegani kama gunia la kahawa, mwalimu akiomba wamwachie miwani yake. Dismas alilia waziwazi na safari hii hakuna aliyeilaumu pua. Mulei alikuja kumpa Nelima mkono kwa mara ya pili na kumuuliza kama pale Ruiru wanakubali wanafunzi wa kutoka Thika wenye baiskeli. Akamwambia aje.

Walipanda lori wakiwa bado wanapiga kelele, jua likiwa limeinamia upande wa Nairobi. Lakini lori lilipoingia barabarani kelele ilipungua yenyewe, maana Awiti alikuwa amejisogeza mpaka kwenye kibao cha nyuma, na wote walitaka kusikia.

"Perez," akasema Awiti. "Ile taa."

"Ilikuwa taa nzuri. Ya chemni. Alisema ni yake, alinunua kabla ya kunioa."

"Na wewe ukakaa na nini?"

"Na giza. Muda mrefu. Nilikuwa napika mapema, kabla ya jua kuingia, halafu nakaa tu."

Awiti akafunika uso. "Ningekuletea yangu! Jamani, ukuta wetu ni mmoja! Si ungesema?"

"Ningesema namna gani? Nikija, munakohoa." Perez hakusema kwa hasira. Alikuwa anawatazama mmoja mmoja, na Nelima aliona kwamba hata yeye ametazamwa. "Mulidhani munanihurumia, najua. Lakini mtu akifiwa watu wanakuja, wanakaa, wanauliza alikufaje. Mimi hakuna mtu aliuliza. Nilikuwa nasikia mukicheka ndani, nikiingia munakuwa kama muko kanisani."

Nelima akatambaa juu ya miguu ya watu, akaja akakaa ubavuni mwa Perez, akalaza kichwa begani pake, na akauliza kile ambacho laini nzima ilikuwa imekimeza miaka yote.

"Mama, ilikuwaje?"

Perez akavuta pumzi. Akaanza na siku ya kwanza aliyomwona yule mwanamke, pale stesheni ya Ruiru, na kofia aliyokuwa amevaa. Mbithe akauliza kofia ya namna gani, akaelezwa. Mzee Kaleli akauliza kama mtu huyo si yule aliyekuwa akidanganya kwenye bao, na Perez akasema ndiye, na kwenye mengine pia, na lori zima likacheka, naye akacheka zaidi yao. Wakapita Juja wakiuliza maswali. Wakavuka Theta wakiuliza maswali. Ndung'u alikuwa ametoa kichwa dirishani asikie, mpaka wakampigia kelele atazame mbele.

Lori lilifika mbele ya laini kukiwa bado na mwanga. Ndung'u akateremsha kibao cha nyuma, akazima injini, akaja akasimama hapo na mikono mfukoni. Perez alikuwa ndiyo kwanza anafika kwenye ile asubuhi ya treni, na hakuna mtu aliyeshuka.